Namna ya kuwasilisha kiraka cha usalama cha kerneli ya Linux bila kuuanika mwanya kabla ya wakati

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuuona mwanya (kasoro ya usalama) kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na anayejua kutumia git. Kinachowaponza wengi hapa si msimbo, ni anuani. Barua pepe moja ikienda pasipotakiwa, siri imekwisha na hairudi.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo lipo kwenye tawi kuu la sasa, si kwenye kerneli kuukuu ya msambazaji wako (kama Debian au Ubuntu) tu. Unda kerneli yenye CONFIG_KASAN=y (KASAN ni kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu), rudia kosa, kisha pitisha ripoti kwenye scripts/decode_stacktrace.sh ili anuani za kumbukumbu zigeuke majina ya faili na namba za mistari. Ripoti ya "slab-use-after-free" inayoonyesha kumbukumbu ilitengwa wapi, iliachiliwa wapi na ikaguswa tena wapi inampa msimamizi karibu kila anachohitaji.

Majina ya wasimamizi yanatoka kwenye scripts/get_maintainer.pl. Waandikie wao, nakala iende security@kernel.org, timu ya usalama ya kerneli. Tumia maandishi matupu: bila HTML, bila faili lililobanwa, bila kusimba. Ila usinakili orodha ya skripti ilivyo, kwa sababu ndani yake mna pia anuani za hadharani, nyingi zikiishia na vger.kernel.org, na kila kinachofika huko kinasomwa na dunia nzima. Zifute zote.

Sasa kiraka chenyewe. Kitatue jambo moja tu. Kikitarajiwa kuingia matoleo thabiti (stable, yale yaliyokwisha kutoka na yanayoendelea kupokea marekebisho), kisizidi mistari 100 pamoja na mistari ya muktadha. Kipitishe kwenye scripts/checkpatch.pl inayokagua mtindo, tia Signed-off-by (saini yako kwamba una haki ya kuuwasilisha msimbo), halafu tulia kwenye mistari miwili inayofuata.

Wa kwanza ni Fixes. Unataja badiliko lililoleta kosa, kwa herufi 12 za mwanzo za kitambulisho chake na kichwa chake ndani ya mabano na alama za kunukuu. Usiridhike na jibu la kwanza la git blame: mara nyingi linakuonyesha mtu aliyehamisha msimbo au kupanga nafasi upya, huku kosa likiwa la miaka ya nyuma. Fuatilia kwa git log -S na jina la kazi (function) husika hadi ufike mwanzo wake. Wasimamizi wa matoleo thabiti hutazama mstari huu kujua kiraka kirudishwe hadi wapi. Ukitaja badiliko la juzi, kerneli za zamani zitabaki wazi na hakuna atakayestuka.

Wa pili ni Cc ya matoleo thabiti, na hapa ndipo siri huvujia. Kwa kawaida huandikwa stable@vger.kernel.org. Lakini git send-email husoma mistari ya Cc iliyomo ndani ya kiraka na kuituma barua huko yenyewe, bila wewe kutaja anuani hiyo popote kwenye amri. Kwa mwanya ambao haujatangazwa andika stable@kernel.org: alama inabaki kwenye kiraka, lakini barua ya huko haimfikii mtu yeyote. Ongeza kinga nyingine:

git send-email --suppress-cc=all --dry-run --to=... kiraka.patch

Soma anuani moja moja kwenye jibu lake. Zikiwa sawa, ndipo uondoe --dry-run.

Kiraka kikishakuwa tayari, timu ya usalama inaweza kukizuia kwa siku 7, na kwa sababu nzito sana hadi 14. Usitegemee zaidi. Wasambazaji wana njia yao ya faragha ya linux-distros, yenye ukomo wa siku 14, lakini usiwaendee kabla wasimamizi wa msimbo hawajakubali kiraka: saa yao huanza kuhesabu mara tu unapowaandikia.

Kikishaingia tawi kuu, kazi bado ipo. Ukipokea barua inayoanza na "FAILED: patch", maana yake kiraka hakikukaa kwenye toleo fulani, na usipokirekebisha wewe huenda asitokee mwingine. Nenda kwenye tawi hilo, tuseme 6.1.y, tumia git cherry-pick -x, tatua migongano, jaribu upya kwa KASAN, kisha tuma na kiambishi "PATCH 6.1.y". Eleza ulichobadilisha na kwa nini.

Namba ya CVE (kitambulisho cha hadharani cha mwanya) usiiombe security@kernel.org, hawatoi. Tangu Februari 2024 timu ya CVE ya kerneli yenyewe ndiyo inayozigawa, na kwa kawaida hufanya hivyo baada ya kiraka kufika kwenye toleo thabiti. Ukiona toleo limetoka na kiraka kimo lakini namba haipo, andika cve@kernel.org ukitaja kitambulisho cha badiliko.