Urais Unaombwaje? Maelezo kwa Watoto wa Tanga

Wanangu, mmoja wenu aliniuliza juzi rais anaajiriwa na nani. Anaajiriwa na wapiga kura, na kazi yenyewe anaiomba kwa fomu.

Kwanza ajipime. Awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, na awe amependekezwa na chama chake cha siasa. Kwetu hakuna mgombea binafsi. Awe pia na mgombea mwenza, yaani makamu wake wa baadaye. Mmoja akitoka Bara, mwenzake atoke Zanzibar.

Fomu inatolewa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na kazi kubwa imo humo: wadhamini. Wanatakiwa wapiga kura wasiopungua 200 kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar. Zidisheni: ni watu 2,000. Hapa ndipo ninapopapenda. Anayeitaka Ikulu inabidi asaidiwe na mama anayekaanga mihogo Makorora. Mama anafuta mafuta mikononi, anafungua pindo la kanga, anatoa kadi ya mpiga kura, namba inaandikwa, anatia saini. Akishamdhamini huyu, hawezi kumdhamini mwingine, kwa hiyo afikiri kabla hajashika kalamu.

Fomu ikirudishwa na kukubaliwa, kampeni zinaanza. Mkipita uwanja wa Tangamano mkakuta umati, msihesabu kofia na fulana. Sikilizeni mgombea anaahidi nini kuhusu shule na maji, na fedha atazitoa wapi.

Siku ya kura, vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Aliyejiandikisha, mwenye miaka 18 au zaidi, anapewa karatasi yenye picha za wagombea. Anaingia kwenye kituturi, yaani kibanda cha kupigia kura kwa siri, anaweka alama ya vema kwa amtakaye, anaikunja, anaitumbukiza sandukuni. Kidole kinapakwa wino asirudie.

Kura zinahesabiwa kituoni hapohapo, mawakala wa vyama wakitazama, na matokeo yanabandikwa. Hapa nasema kwa uchungu: kura ikihesabiwa gizani, saini ya yule mama imepotea bure.

Mwenye kura nyingi kuliko wenzake anatangazwa, kisha Jaji Mkuu anamwapisha kwa miaka 5. Akitaka mitano mingine, ambayo ndiyo ya mwisho, anachukua fomu upya na kurudi kwa wadhamini.