Mtumbwi ukichelewa kurudi: panga saa ya kupiga mbiu kabla hujafungua kamba

Kwenye mikoko ya kusini mwa Kilwa Masoko, mtumbwi uliochelewa mara nyingi haujazama. Umekaa juu ya tope unangoja maji. Hilo ndilo linalowadanganya walioko nchi kavu. Wamezoea kuona watu wakitokea usiku, tope hadi magotini, basi siku mtu amepinduka kweli utasikia: "Ngojeni, maji yakijaa watakuja." Maji yanajaa giza likiwa limeshaingia, na gizani boti inaweza kupita jirani na mtu aliyeshikilia mtumbwi isimwone.

Dawa yake ni kukubaliana, kabla ya safari, saa ambayo kungoja kunakwisha. Saa hiyo aiweke anayesafiri, kwa sababu ndiye anayeijua njia. Anayebaki asiachiwe kazi ya kupima kama muda umefika. Kazi yake ni kuangalia saa na kutenda.

Kupata saa yenyewe

Anza na maji, si na ratiba yako. Pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa 4 ndiyo ya kujaa na saa 10 ndiyo ya kupwa. Kwa saa kamili ya siku yako tumia jedwali la maji, au waulize wavuvi wa hapo unapoondokea.

Kisha pima mwendo. Watu wawili wenye makafi, bahari imetulia, huenda kilomita 4 kwa saa. Mzigo ukiwa mzito au upepo ukiwa wa mbele, hesabu kilomita 2 na nusu. Kaskazi, hasa Desemba hadi Februari, ndiyo inayowachelewesha wanaorudi Kilwa Masoko kutoka kisiwa cha Songo Mnara, kusini yake, kwa kuwa wanaipokea usoni. Kusi huwasumbua wakati wa kwenda, na ikichafuka Juni hadi Agosti usitoke kwa mtumbwi mdogo bila kusikiliza utabiri wa bahari wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Tuseme njia yako ni kilomita 15, na ni siku nne kabla ya bamvua, maji yanajaa saa 7 mchana. Ukitoka saa 2 asubuhi unafika karibu saa 6. Ukiondoka huko saa 7 na nusu kwa mwendo mzuri unafika saa 11 na robo jioni, na kwa mwendo wa pole ni saa 1 na nusu usiku. Hesabu hiyo imeshakujibu: lala huko. Kesho yake maji yatajaa karibu saa 8 kasoro dakika 10, na hori, mkono wa bahari unaopita mikokoni, litakuwa na maji ya kutosha tangu saa 5 asubuhi. Ukitoka saa 5, mwendo mzuri unakufikisha saa 9 alasiri na mwendo wa pole saa 11.

Sasa unazo saa nne za kuandika. Saa 5 asubuhi ni mwisho wa kuondoka: ikipita hamjatoka, hamtoki, mnalala tena. Saa 9 ni ya kufika. Saa 10 ni ya kuulizia. Saa 11 ni ya kupiga mbiu. Saa 11 haikubuniwa. Ni mwendo wa pole kuliko wote, na inaiachia boti saa moja na zaidi ya mwanga, maana hapa jua huzama saa 12 na dakika chache kwa mwezi Juni na hukaribia saa 12:40 kwa Desemba. Kama mwendo wa pole unakupeleka zaidi ya saa 11, usiisogeze mbiu. Toka mapema zaidi, au fupisha safari.

Kukwama kuna hesabu yake, na ni rahisi. Ukikalia tope saa 3 kabla ya maji kupwa kabisa, utaelea tena saa 3 baada ya kupwa, jumla saa 6. Kibaya kuliko vyote ni kuuingiza mtumbwi ndani ya mikoko kwenye kilele cha bamvua na kuuacha ukae. Maji ya kesho yanakuwa mafupi kuliko ya leo, ya keshokutwa mafupi zaidi, na mtumbwi mzito wa mti mmoja hauburutwi na watu wawili kwenye tope. Unaweza kungoja hadi bamvua ijayo, karibu wiki mbili.

Karatasi na dumu

Andika karatasi mbili zinazofanana, moja kwa mtu wa nyumbani, moja kwa kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, au mwenyekiti wa kitongoji pale unapofungua kamba. Mtu wa nyumbani akiwa mbali, Lindi mjini au Dar es Salaam, anaweza kupiga simu lakini hana boti. Ndiyo maana ziwe mbili. Iandikwe hivi:

Watu: majina, umri, nani hajui kuogelea, nani ana dawa za kila siku.
Chombo: mtumbwi wa mwembe, rangi yake, urefu, una tanga au hauna.
Njia: wapi hadi wapi, hori gani, tunalala wapi.
Pa kukimbilia: kijiji cha Songo Mnara, kisha Sanje ya Kati.
Maji: yanajaa saa ngapi siku ya kurudi.
Saa nne: mwisho wa kuondoka, kufika, kuulizia, mbiu.
Simu: namba zote za waliomo chomboni.

Mstari wa pa kukimbilia usiuruke. Ndio unaoiambia boti ya kwanza ianzie wapi.

Pamoja na karatasi acha petroli. Mara nyingi utafutaji hukwama kwa sababu watu wa boti wapo, injini ipo, mafuta hayapo, na jua linazama watu wakichangishana. Injini ya farasi 15 ikikimbizwa hunywa lita 5 hadi 7 kwa saa. Dumu la lita 20 na nusu lita ya oili ya kuchanganya vinatosha kwenda kilomita 15, kuzunguka kidogo na kurudi. Ukirudi kwa wakati, dumu lako unalikuta.

Anayebaki afanye nini

Saa 10 apige simu zote, kisha atume ujumbe mfupi, kwa kuwa ujumbe unaweza kupenya pale ambapo simu haiunganishi. Awaulize wavuvi waliorudi kutoka upande huo: wameuona mtumbwi, wapi, saa ngapi, ukielekea wapi. Majibu ayaandike. Saa 11, kama hakuna habari, ampe mwenyekiti na BMU karatasi, boti itoke, na polisi wapigiwe 112. Asingoje mwenye hekima zaidi aje kumruhusu. Boti ikitoka bure, dumu moja la petroli limekwenda, basi.

Walioko majini

Bebeni kana kwamba mtalala usiku mmoja zaidi: maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku hiyo ya ziada, chakula kisichohitaji moto kama karanga na tende, tochi, filimbi, kioo cha kumulikia, kafi la akiba, pondo la kusukumia, na kopo la kutolea maji chomboni lililofungwa kamba. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Simu moja izimwe na ikae ndani ya mifuko miwili ya nailoni, iwashwe tu saa zilizoandikwa. Mwenye karatasi naye atapiga saa hizohizo.

Mkikwama, kaeni na chombo. Kutembea usiku kwenye tope la mikoko kunachosha haraka, na maji yakirudi yanakukuta mbali na kila kitu. Mkipinduka, mtumbwi wa mti huelea hata ukijaa maji, na kichwa cha mtu peke yake hakionekani kwenye mawimbi. Ushikilieni, msiogelee kwenda pwani inayoonekana karibu.

Wanaosafiri mto Ruvuma kule Mtwara wabadilishe hesabu. Juu ya mlango wa mto kinachochelewesha ni mafungu ya mchanga yanayohama na viboko wanaotoka kula nyasi jua likizama. Mbiu isogezwe nyuma iwe saa 10, na polisi wajue safari kabla haijaanza, maana ng'ambo ni Msumbiji na boti ya kutafuta haivuki hivihivi.

Mkifika, kabla ya kushusha mzigo, wapigieni wote wawili wenye karatasi. Mkibadilisha mpango njiani na ujumbe haukupenya, hesabuni kwamba haujabadilika: saa ya mbiu inabaki ileile, na boti itakuja pale palipoandikwa.