Kusema kortini Lubumbashi bila kujiletea kesi nyingine

Kabla ya kwenda tribinali, chambua maneno yako. Kifungu cha 74 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinamgusa anayemtwika mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo mahususi la kumvunjia heshima: siku 8 hadi mwaka 1 gerezani. Kutokuwa na nia mbaya ndiyo mlango wako wa kujitetea, kwa hiyo jibu swali la juji tu. Lisilohusu kesi liache. "Nilimwona akitoa mifuko depo saa mbili usiku" inasimama. "Ni mwizi, yeye na ukoo wake mzima" ni tusi tupu.

Ukila kiapo, hatari inabadilika: ushahidi wa uongo, kifungu cha 128, hadi miaka 5. Usichokiona, sema hukukiona. Kule parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), usitie sahihi PV (maandishi ya maelezo yako) kabla ya kusomewa. "Nilisikia" hugeuka "niliona" kwa urahisi ajabu.

Kinga ya maneno yanayosemwa kortini, kifungu cha 41, sheria ya 1881, ni ya Ufaransa. Usiinakili kwenye hoja zako. Na ukitoka nje ukayarudia yale yale redioni au WhatsApp, avoka (wakili) wako atabaki na kazi ngumu zaidi.