Somo: Kukuza Hygrophila kwenye tangi la samaki

Ukiniuliza mmea wa kuanzia kwenye tangi la maji yasiyo na chumvi, nitakutajia Hygrophila polysperma kabla hujamaliza swali. Asili yake ni India na nchi jirani. Hauhitaji kupuliziwa kaboni dioksidi, na maji ya nyuzi 20 hadi 28 yanaufaa. Unachohitaji zaidi ni subira, maana wengi huung'oa ungali hai.

Hatua ya 1: Tandaza mchanga au changarawe ndogo, kina cha sentimita 5 hivi.

Hatua ya 2: Mmea huja kama fungu lililofungwa, au kwenye kikopo chenye pamba. Fungua lote, toa pamba yote, suuza. Kata kila shina kwa mkasi mkali chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapochomoza. Kisha ondoa majani ya vifundo viwili vya chini. Mizizi itatokea hapo hapo vifundoni, ila jani likizikwa mchangani huoza.

Hatua ya 3: Panda shina moja moja kwa kibano, umbali wa sentimita 3. Najua inachosha! Lakini ukichomeka fungu zima, mwanga haufiki katikati na mashina ya ndani huoza. Weka nyuma ya tangi, kwa kuwa mmea huu hurefuka hadi kwenye uso wa maji. Shina likikataa kukaa, lichomeke kwa mshazari.

Hatua ya 4: Ngoja. Wauzaji wengi huukuza majani yakiwa nje ya maji, na majani ya hewani hayafai majini. Yatageuka kahawia, yatalainika na kupukutika. Usiung'oe! Tazama ncha: ikiwa bado ya kijani na shina ni gumu ukilibonyeza, mmea uko hai na unaunda majani mapya ya majini, membamba na laini zaidi. Ondoa yaliyooza tu, uyape majani mapya wiki mbili au tatu. Taa iwake kwa muda wa saa 7 kwa siku, na ubadilishe robo ya maji kila wiki.

Hatua ya 5: Shina likifika juu, kata ncha ya sentimita 15 uipande pembeni. Kisiki kitatoa machipukizi, mara nyingi mawili. Hivi ndivyo mashina matano yanavyogeuka kichaka, na mimi sijawahi kununua fungu la pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, juu pamependeza ila chini mashina ni matupu kabisa.
Jibu: Ni kivuli, ndugu yangu. Majani ya juu yameziba mwanga. Kata ncha, zipande upya kwa nafasi, na visiki vilivyochakaa sana ving'oe.

Swali: Majani ya zamani yana matundu madogo yenye kingo za njano. Ni konokono?
Jibu: Mara nyingi konokono husingiziwa. Matundu yanayoanzia majani ya zamani huashiria upungufu wa potasiamu, kwa hiyo tia mbolea ya maji yenye potasiamu. Matundu ya zamani hayatazibika, angalia majani mapya.

Swali: Niliwasha taa kwa muda wa saa 12 kila siku ili ukue haraka, sasa kioo kimejaa mwani.
Jibu: Rudi kwenye saa 6 au 7, dada. Mmea mchanga hauwezi kuutumia mwanga wote huo, na unaobaki huchukuliwa na mwani. Futa kioo na ubadilishe maji.

Swali: Mabaki ya kupogoa naweza kumwaga mtoni?
Jibu: Hapana, tafadhali sana. Kipande kimoja chenye kifundo kinatosha kuanzisha mmea mpya, na Marekani umo kwenye orodha ya shirikisho ya magugu hatari. Anika mabaki juani hadi yakauke kabisa, ndipo uyatupe pamoja na taka.