Mmoja kasikia mbili, mwingine nne: namna ya kupima maelezo ya mashahidi wa tukio la risasi

Mashahidi wakipishana, usikimbilie kumtafuta mwongo. Tafuta kwanza kila mmoja alikuwa amesimama wapi.

Hatua ya 1: Wahoji mmoja mmoja, mapema. Mwache shahidi asimulie bila kumkatiza. Ukiuliza "Ulisikia risasi ngapi?" umeshamtilia neno risasi kinywani, uliza "Ulisikia nini?" Waliokaa pamoja wakijadiliana kabla ya kuhojiwa, hata wakiwa watano, mimi nawapa uzito wa shahidi mmoja.

Hatua ya 2: Chora eneo. Onyesha umbali, kuta, mwanga, kelele, na upande ambao kila shahidi aliupa uso.

Hatua ya 3: Tenganisha alichoona, alichosikia na alichojazia. "Nilimwona akifyatua mara mbili." Mbane kwa upole. Mara nyingi utakuta alisikia mlio, akageuka, akaona mtu ana bastola. Mengine aliyaunganisha mwenyewe bila nia mbaya. Kumbuka pia kwamba silaha huvuta macho: anaweza kuieleza vizuri bastola na asiujue uso wa aliyeishika.

Hatua ya 4: Ipigie sauti hesabu. Hapa ndipo kesi nyingi huvurugika. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Risasi ya bunduki kubwa huipita, na njiani hutoa mpasuko, yaani mlio wake mkali, ulio tofauti na kishindo kinachotoka mtutuni. Chukua shahidi aliye karibu na shabaha, mita 340 kutoka kwa mpigaji, na risasi yenye wastani wa mita 850 kwa sekunde. Mpasuko unamfikia baada ya sekunde 0.4 hivi, kishindo baada ya sekunde 1. Risasi moja, milio miwili! Aliyekuwa nyuma ya mpigaji atasikia mmoja, naye pia ni mkweli. Ukuta ulio mita 85 nyuma ya msikilizaji humrudishia mwangwi nusu sekunde baadaye.

Mwelekeo ni mtego zaidi. Mpasuko husikika kama umetoka ubavuni mwa njia ya risasi, kwa hiyo shahidi anaweza kunyoosha kidole mahali pasipokuwa na mtu. Dallas mwaka 1963, alipouawa Rais Kennedy, mashahidi wengi walitaja milio mitatu, lakini waligawanyika juu ya upande ilikotoka. Baadhi ya risasi za bastola huenda polepole kuliko sauti na hazina mpasuko huo. Basi ijue silaha kabla ya kupiga hesabu.

Hatua ya 5: Linganisha na vitu. Maganda ya risasi, matundu, kamera. Uchache wa maganda peke yake usikudanganye: bastola ya silinda haiyatemi. Na shahidi aliyekosea idadi usimfute mzima. Akisema gari liliondoka kabla ya mlio wa mwisho, kipande hicho kipime peke yake.