Siku tatu Lisbon: kula vizuri, tembea pole pole, na mkate wa mezani uliza kwanza

Watu wengi wakishapata viza ya Schengen wanataka wamalize Ulaya yote kwa wiki moja, leo Paris kesho Rome keshokutwa Amsterdam, wanarudi na picha tu na miguu imevimba. Mimi nasema kama una siku tatu chukua mji mmoja uushibe, na kama wewe ni mtu wa pwani basi uwe Lisbon, kule Ureno, manake huo mji unatuhusu kuliko tunavyodhani.

Aprili, Mei au Septemba hali ya hewa ni nzuri. Juni kuna sikukuu ya Mtakatifu Antoni, usiku wa tarehe 12 watu wanachoma dagaa wakubwa barabarani mpaka mtaa mzima unanukia, raha sana, ila vyumba lazima uwahi mapema.

Eapoti iko ndani ya mji, panda metro, yaani treni ya chini ya ardhi, laini nyekundu. Kwenye mashine nunua kadi ya Navegante, kila mtu na yake, afu weka tiketi ya masaa 24, hiyo inakubali metro, basi na trem, yaani gari la reli linalopita barabarani. Ile trem ya namba 28 kila mtu anaitaka, inajaa pomoni na wezi wa mifukoni wanajua hilo, kwa hiyo ipande asubuhi mapema kabisa na pochi iwe mbele.

Siku ya kwanza nenda Alfama. Jina lenyewe la Kiarabu, linatokana na chemchemi za maji moto, na vichochoro vyake mtu wa Mji wa Kale Mombasa au Mji Mkongwe atajiona yuko kwao, nguo zimeanikwa madirishani, bibi kakaa mlangoni anaangalia wapita njia. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha sehemu kubwa ya mji lakini Alfama ikabaki na umbo lake la zamani. Anzia juu, pale Portas do Sol, afu ushuke, usianzie chini utachoka bure. Na viatu viwe vya kushika, yale mawe ya njiani yanateleza hata bila mvua.

Sasa chakula, hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Mchana tafuta tasca, yaani kihoteli kidogo cha familia, menyu imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi mlangoni, uliza prato do dia, chakula cha siku, kinatoka saa sita mpaka kama saa tisa hivi na bei yake ni nafuu kuliko ya usiku. Ukikaa tu utaletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Si vya bure. Mimi mara ya kwanza nilikula vyote nikidhani ni ukarimu, bili ilipokuja nikashangaa. Kama huvitaki sema “não, obrigado”, mwanamke anasema “obrigada”, wataviondoa na hakuna atakayekasirika.

Agiza bacalhau. Ni samaki mkavu wa chumvi, ndugu yake ng'onda wetu, analowekwa kwenye maji muda mrefu mpaka chumvi itoke ndo apikwe. Anayeitwa à Brás wanamchambua wanamchanganya na viazi vyembamba vya kukaanga, mayai na zeituni, laini mno. Na pweza jamani, polvo à lagareiro, anaokwa na vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, viazi vimepondwa kidogo na maganda yake. Ila kama huli nguruwe kuwa makini, hata supu ya mboga, caldo verde, huwa inatupiwa kipande cha soseji ya nguruwe, kwa hiyo sema mapema “sem porco”. Samaki wa kuchoma ndo salama zaidi.

Usiku fado. Ni nyimbo za huzuni na kukumbuka, UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2011. Taa zikipunguzwa nyamaza kabisa, hata kijiko usigonge sahani. Nyumba nyingi zinataka ule chakula cha usiku hapo hapo, uliza bei kabla hujakaa.

Siku ya pili panda trem 15 kwenda mtaa wa Belém, isiwe Jumatatu manake monasteri ya Jerónimos inafungwa. Ndani ya kanisa lake kuna kaburi la Vasco da Gama, yule baharia Mreno, amechongwa amelala mikono ameikutanisha kama anaomba. Mimi nimekulia Mombasa, Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, naipita toka utotoni, na huyu ndiye aliyefika Malindi 1498 akapata pale nahodha wa kumvusha mpaka India. Nilisimama muda mrefu, kifua kizito. Halafu nje kibao kimeandikwa “igreja”, kanisa, na ndo neno lililotuzalia gereza. Meza, leso, bendera, mvinyo, yote yametoka hapa, utayasikia watu wakiyasema ukageuka.

Ukitoka hapo kuna duka la Pastéis de Belém, wanaoka vile vikeki vya maziwa na mayai toka 1837. Foleni ya nje ni ya kubeba, ukitaka kukaa ingia ndani kuna vyumba vingi. Kula kikiwa cha moto, juu kimeungua madoa meusi, nyunyiza mdalasini ulioko mezani, ganda linavunjika kama majani makavu.

Siku ya mwisho ikiwa Jumamosi au Jumanne asubuhi pita soko la Feira da Ladra, vitu vya zamani vimetandazwa chini. Jioni nenda Cais do Sodré uvuke mto Tejo kwa feri mpaka Cacilhas, dakika kama kumi tu, ukae upande wa kulia ulione daraja jekundu jua likizama. Tiketi ya feri ni mbali na ile ya metro, kwa hiyo nunua kabla foleni ya watu wa kazini haijaanza.