Kuomba Katika Taabu kwa Njia ya Habakuki

Ukiishiwa maneno, fungua Habakuki 3:2 uusome kwa sauti. Nabii anaomba Mungu aifufue kazi yake, na katika ghadhabu akumbuke rehema. Mimi huanza hapo, kisha hunyamaza kidogo.

Halafu itaje taabu yenyewe bila kuipamba: jina la mgonjwa, deni, ugomvi wa ndugu. Hapa usiharakishe. Wengi hukimbilia shukrani kabla moyo haujasema, na nabii huyuhuyu alianza kwa kulia, “hata lini?” (1:2). Mungu hakumfukuza, alimjibu.

Kumbuka pia aliyokutendea zamani. Mwisho waombee rehema waliokukosea, kwa majina yao. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, nami huiomba nimepiga magoti.